Vikapu vya Ijumaa vya Mwalimu Kitsao

Baba Kasisi, wazee wetu mliotoka Rabai alfajiri, walimu wenzake, majirani wa Majengo, na nyinyi mliokuja kutoka Ndia Kuu mkasimama huko nyuma penye kivuli kama watu wanaopita tu, karibuni nyote, jeneza hili halitaondoka hapa kwenda makaburini Mbaraki mpaka msikie aliyelala ndani yake alikuwa nani, na aliyeagizwa na familia kuwasomea ni mdogo wake, Kingi Mung'aro, ambaye hana sauti ya kanisani, kwa hivyo mtamstahamilia.

Marehemu Mwalimu Nicodemus Kitsao Mung'aro alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1921 huko Rabai, akiwa mtoto wa pili wa mzee Mung'aro wa Chirau na mama Kadzo, baba yake akiwa mgema aliyeacha kugema siku ile ile aliyobatizwa, ingawa wazee walioko hapa wanasema kwamba kuna mnazi mmoja nyuma ya nyumba ambao hakuuacha mpaka kufa kwake. Kifo hicho kilitokea mwaka 1928, mama akabaki na watoto watatu na kishamba cha mihogo, na tangu hapo marehemu akaijua njaa kwa jina lake, si kwa kusimuliwa.

Alianza masomo katika shule ya misheni hapo Rabai mwezi wa Januari 1930, akiwa amejifunga kiunoni kipande cha leso ya mama yake, kwa kuwa nguo ya kiume hakuwa nayo. Mwaka huo huo, katika sikukuu ya mavuno, ilipokuwa desturi ya kanisa kuwaita mbele mayatima na wajane wapewe kilicholetwa na waumini, jina lake lilisomwa, akatoka, akapewa kaptura mpya ya kaki, na kanisa zima likampigia makofi, na yeye mwenyewe alikuwa akisema mpaka utu uzima wake kwamba hakuna siku aliyoona fahari kama ile, na kwamba makofi yale aliyasikia masikioni wiki nzima, hata akiwa kisimani. Tunaomba mlikumbuke jambo hili, kwa sababu kaptura ile ndiyo iliyomfanya mwalimu, na makofi yale ndiyo yaliyokuja kumvunja moyo.

Alimaliza shule Desemba 1938, akaingia chuo cha ualimu cha misheni mwaka 1940, akahitimu mwishoni mwa mwaka 1941, akafundisha Rabai kwa miaka minne, kisha akahamia kisiwani Mombasa Januari 1946, akapanga chumba Majengo, mtaa ambao hakuuhama tena. Tarehe 18 Desemba 1948 alifunga ndoa na Bi Mbodze, ambaye leo mnamwona ameketi hapa mbele, na Mwenyezi Mungu akawajalia watoto watatu, Chirau aliyezaliwa mwaka 1951, Mung'aro aliyezaliwa mwaka 1953, na Dama, kifunga mimba wao, aliyezaliwa mwaka 1957. Alikuwa baba mkali wa hesabu na mpole wa kila kitu kingine, na kama mjuavyo hakuweza kuimba, lakini aliimba.

Mwezi wa Januari 1962 alifanywa mwalimu mkuu wa Shule ya Msingi ya Mnazi Pacha, iliyoko ukingoni mwa Majengo, shule ya watoto wa mahamali, wa vibarua na wa akina mama wauza mihogo ya kukaanga, ingawa hawakukosekana wachache wa makarani wa forodhani, na katika shule hiyo, ikifika saa tano, watoto waliokuja bila kula walikuwa wakilaza vichwa juu ya madawati, naye akiwapita kimya, kwa sababu mwalimu hawezi kumchapa mtoto kwa kukosa kifungua kinywa. Wengine walirudishwa nyumbani kwa kukosa karo, wengine kwa kukosa sare, na yeye aliyekuwa akiwarudisha alikuwa akirudi nyumbani hali chakula.

Basi ilikuwa furaha kubwa, mapema mwaka 1964, baada ya bendera mpya kupanda, wafanyabiashara wa mji walipounda kamati ya kusaidia watoto wasiojiweza, chini ya mwenyekiti wao Bwana Taib, mwenye duka la vitambaa hapo Ndia Kuu, na kila muhula wakawa wakiipa Mnazi Pacha fungu la nyongeza, juu ya lile la kawaida la shule, ili mwalimu mkuu aamue namna ya kulitumia. Marehemu alikaa na walimu wake, wakachagua watoto wenye shida zaidi, fungu likagawanywa kwa akili, huyu alipiwe karo, yule apewe sare, yule madaftari na viatu, na kufikia hapo hapakuwa na kosa hata moja, kwani pesa ilikwenda palepale ilipohitajika.

Kosa lilikuja katika kutoa. Ijumaa tarehe 13 Machi 1964 marehemu, kwa nia njema kabisa, aliifanyia Mnazi Pacha sikukuu ya mavuno ya Rabai, akawapanga wanafunzi wote uwanjani, akawaalika wafadhili wakae vitini, akasoma majina, na kila aliyeitwa alitoka mbele, akapokea fungu lake kutoka mkononi mwa Bwana Taib, na shule nzima ikapiga makofi. Miongoni mwa walioitwa alikuwa binti wa darasa la sita, jina lake Tumu, mtoto wa Athmani, hamali wa gati la Mbaraki aliyeumizwa mgongo na mzigo mwaka uliotangulia, na katika miaka yake yote ya kufundisha marehemu hakuwahi kupata mtoto mwenye hesabu kama huyo, akiitatua nyingine kabla chaki haijatoka ubaoni. Walichokuwa hawakijua wengi ni kwamba Athmani ni wa nyumba kongwe ya Mji wa Kale, mama yake, Bi Mwanakhamis, akikaa mpaka leo katika nyumba yenye mlango wa nakshi, kichochoro kimoja kutoka Ndia Kuu, na kwamba Ndia Kuu haikujua jinsi mwanawe anavyoishi Majengo, au ilijua na haikusema, mambo ambayo kule ni mamoja. Bwana Taib alipomkabidhi binti ile sare ya buluu alimtazama usoni, akamtambua, na kwa furaha ya mtu aliyekutana na mtoto wa jirani akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Kumbe huyu ni mjukuu wa Bi Mwanakhamis!" na makofi yakazidi.

Jumatatu dawati la Tumu lilikuwa tupu. Marehemu alidhani ni homa, akangoja, kisha akaenda mwenyewe nyumbani kwao, akamkuta Athmani amelala kwa ubavu kwa ajili ya mgongo, na sare ya buluu iko juu ya kiti, imekunjwa vile vile ilivyotoka dukani, na maneno aliyoambiwa siku hiyo aliyarudia nyumbani kwake mara nyingi hata watoto wake wakayajua. "Karibu, mwalimu," Athmani alimwambia. "Ndaa twaijuwa, twalala nayo na twaamka nayo. Makofi ndiyo yaliyomtowa mwanangu skuli. Habari ilifika Ndia Kuu kabla yake yeye kufika nyumbani." Tumu mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia, hakutoka.

Alirudi tena na tena, Aprili akarudi, Mei akarudi, mara na vitabu, mara na Bi Mbodze akiamini mwanamke atasikilizwa, na kila mara alipokewa kwa heshima, akapewa kahawa, akasindikizwa mpaka mlangoni, na mtoto hakupewa. Mwezi wa Septemba 1964 Tumu aliozwa kwa jamaa wa mbali huko Malindi, na toka siku hiyo hajaingia tena katika darasa lolote. Watu wa busara walimwambia marehemu kwamba mabinti huozwa kila siku, kwamba hilo si lake, kwamba yeye alitoa na wao wakakataa, naye hakubishana na mtu, lakini akaacha kuimba, na sisi tulioteseka na uimbaji ule miaka mingi tukagundua kwamba nyumba inaweza kuwa kimya kupita kiasi.

Mwezi wa Januari 1965, wenzetu Waislamu wakiwa katika Ramadhani, alikwenda Mji wa Kale kumwomba radhi Bi Mwanakhamis, akafika ikikaribia magharibi, akaketishwa barazani, na alipokuwa akitafuta maneno ya kuanzia akawa anatazama watoto wanaotumwa wakipita kichochoroni, huyu anatoka nyumba hii, yule anaingia nyumba ile, kila mmoja na sahani kichwani, na kila sahani imefunikwa kawa, kile kifuniko cha ukili tunachokijua sote, hata ikawa haiwezekani kujua ni nyumba gani inayotoa na ni ipi inayopokea, wala ndani kuna nini. Bi Mwanakhamis, ambaye hakungoja aombwe radhi, alimwonyesha kwa kidevu. "Hukukosa kutowa, mwanangu," alimwambia. "Ulikosa kufinika. Hizo sahani waziona? Nyengine ina pilau, nyengine ina tambi kavu zisizo sukari, na apitaye ndiani hajui, na mimi mwenyewe sitaki kujuwa. Mtu akishajulikana ni mpewaji, hata akishiba hashibi." Marehemu alirudi Majengo kwa miguu usiku ukiingia, na Bi Mbodze anasema alifungua mlango akiongea tayari.

Ndipo vilipoanza vikapu vya Ijumaa. Alimwendea jirani yetu Bi Mejumaa, msusi wa ukili, yeye na wenzake wakasuka vikapu vya kipimo kimoja na vifuniko vyake, vikapu vya shule nzima, na kuanzia muhula wa pili wa mwaka 1965 kila mtoto wa Mnazi Pacha, awe wa hamali au wa karani, alitoka shule Ijumaa adhuhuri na kikapu chake kimefunikwa, akakirudisha Jumatatu. Katika kila kikapu mlikuwa na kitabu cha kusoma nyumbani na vipande viwili vya mkate wa mofa, hilo lilikuwa la wote, na chini ya kitabu, kwa yule aliyehitaji, kulikuwa na unga, au sabuni, au shati, au risiti ya karo iliyokwisha kulipwa, na aliyehitaji na asiyehitaji hawakuweza kujuana. Watoto ni watoto, walianza kupimana uzito, na marehemu alipoligundua hilo akawa anatia atlasi kuukuu katika vikapu vya waliojaliwa, hata mtoto wa karani mmoja wa forodhani akabeba ramani ya Ulaya mwaka mzima, mama yake akidhani mwanawe anasomea unahodha. Waliojaza vikapu ni watu wawili tu, yeye na Bi Mbodze, kila Alhamisi baada ya masomo, mlango wa stoo umefungwa, na kilichokuwa ndani ya kikapu cha nani hawakumwambia mtu, hata sisi ndugu zao, na tuliuliza.

Waliotilia shaka waliona wenyewe, kwani mwaka 1966 darasa la saba lilikaa mtihani bila dawati hata moja kuwa tupu, jambo lisilowahi kuonekana pale, na vichwa vilivyokuwa vikilala saa tano vikawa vimesimama. Marehemu hakufurahi kama tulivyotarajia. Aliwaandikia barua wafanyakazi wa gati la Malindi, akamwandikia imamu wa huko, akamtumia salamu kila msafiri, akiuliza kama mume wa Tumu angekubali mkewe asome jioni, na majibu hayakuja.

Oktoba 1967 kamati ya wafadhili ilitaka kuwaona watoto inaowasaidia, wakaja na mpiga picha. Tuseme kweli mbele ya marehemu, Bwana Taib hakuwa mtu mbaya wala hoja yake haikuwa ya kipumbavu, alisema kwamba pesa za watu zina macho, kwamba wenziwe wanatoa kwa ajili ya maskini na wanasikia mkate unakwenda mpaka kwa mtoto wa karani, na kwamba mwalimu awatoe wahusika mbele, wapigwe picha, basi, mambo yaishe. Marehemu aliwapanga uwanjani wanafunzi wote, akawaambia wafadhili kwamba hao ndio. Alipotakiwa kuwatenga alikataa, alipoahidiwa kwamba hawataitwa majina alikataa, na alipoambiwa kwamba fungu litakatwa, na yeye atahesabiwa kuwa amelitumia vibaya, alijibu maneno ambayo walimu wenzake wawili walioko hapa waliyasikia. "Mmoja alikwisha kunitoka kwa makofi. Wa pili simtoi."

Januari 1968 aliondolewa ukuu, akapelekwa shule nyingine hapa hapa kisiwani kufundisha darasa la pili, na Mnazi Pacha wakarudia mtindo wa kuita majina uwanjani, vikapu vikatupwa stoo, panya ndio waliofaidi. Mjini ikasemwa kwamba amekula pesa za mayatima, na msemaji hakosi msikilizaji, hata sokoni Bi Mbodze akawa ananyamaziwa akikaribia, na marehemu, ambaye angeweza kujitetea kwa siku moja tu kwa kutaja vikapu vya nani vilikuwa na nini, hakutaja. Familia inasema leo kwa niaba yake, nyumba aliyoacha ni vyumba viwili vya kupanga na kitanda kimoja kizuri, anayetaka kuona alichokula akaribie akague, mlango hauna kufuli.

Ugonjwa ulianza Novemba 1968 kwa kuvimba miguu na kukosa pumzi akipanda ngazi, madaktari wakasema ni moyo, akapewa dawa na amri ya kupumzika, dawa akazimeza, amri akaiacha, kwa kuwa kila Ijumaa adhuhuri alikuwa akitembea mpaka ng'ambo ya barabara ya Mnazi Pacha kuwatazama watoto wakitoka mikono mitupu. Tarehe 2 Juni mwaka huu alilazwa katika hospitali kuu ya mkoa, na wiki ya pili akili ikaanza kwenda na kurudi, na alasiri, saa za kutazama wagonjwa, akawa anaita mahudhurio ya darasa la sita la mwaka 1964, jina baada ya jina, kwa mpangilio wake, na akifika kwa Tumu binti Athmani alisimama, akangoja aitikiwe, asiendelee. Siku za mwanzo tulilia tu. Jumatatu tarehe 16 alifika tena hapo, akangoja, macho yake yakizunguka wodi, na Bi Mbodze, aliyekuwa amemshika mkono, akaitika, "Yupo, mwalimu." Akaendelea na jina lililofuata, akamaliza darasa lote, akafumba macho. Alifariki kesho yake, Jumanne tarehe 17 Juni 1969, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba.

Familia inawashukuru madaktari waliomhudumia na muuguzi Nasipwondi, ambaye tumekuja kujua alikuwa akimwitikia naye saa tusipokuwepo, inawashukuru walimu wenzake waliobeba vipindi vyake, inawashukuru majirani wa Majengo, wa kanisani na wa msikitini, mliopika, mliochota maji na mliolala matangani, na Bi Mejumaa, aliyesuka jamvi ambalo marehemu amelalia. Tunamshukuru Bwana Taib, aliyetoa kitambaa hiki cheupe kinachofunika jeneza, naye tunamtaja jina kwa kuwa amependa kutajwa. Tena tangu Jumatano imekuwa ikiletwa kwetu kila jioni sahani iliyofunikwa kawa, mletaji akisema ametumwa tu, na sisi hatukuuliza ametumwa na nani, ila aliyeituma ajue kwamba sahani zake ziko salama na hazitarudi tupu.

Limebaki jambo moja. Uongozi wa Mnazi Pacha ulituomba jana, kwa nia njema, kwamba mwisho wa historia hii wale wote waliosomeshwa kwa fungu lile, ambao wengine sasa ni watu wazima na wamo humu, wasimame waonekane, ili uongo wa mjini ufe mbele ya jeneza. Tulilifikiria usiku kucha, kwa kuwa tungependa sana uongo ule ufe. Bi Mbodze, ambaye ndiye pekee aliyebaki anayejua kikapu cha nani kilikuwa na nini, amekataa.

Kwa hivyo tunawaomba msimame nyote, aliyepokea na ambaye hakupokea, aliyetoa na aliyesema, wa Rabai, wa Majengo na nyinyi wa Ndia Kuu huko nyuma, pamoja na yule aliyesafiri kutoka Malindi jana, kama yupo, na kama hayupo. Mtu asimwangalie mwenziwe. Na tafadhali, msipige makofi.

Darasa lako limesimama lote, mwalimu. Pumzika kwa amani.